Ngazi ya ADN na Jibini za Papa Sebarenzi

Jumatatu, 12 Oktoba

Prefe wetu, mkuu wa shule, Papa Twizeyimana, ametangaza leo: Ijumaa enspektrisi, mkaguzi wa shule, anakuja hapa Bihambwe kusikiliza masomo. Mwalimu atakayefundisha vizuri kuliko wengine atapelekwa Bukavu, kwenye laboratwari ya kweli, mwezi mzima. Laboratwari! Mimi ninayefundisha biolojia bila hata hadubini! Somo lenyewe: jinsi molekuli ndogo zinavyojishika kwenye ADN, ule uzi wa urithi ulio ndani ya kila chembe ya mwili, na kuubadilisha umbo. Somo langu kabisa. Halafu Prefe akaongeza kwamba Dorothée naye atashindana. Dorothée wa kemia! Siku zote yeye. Nikamuuliza ataleta nini. Akasema kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Nilicheka hadi nikakohoa.

Jumanne, 13 Oktoba

Mpango uko tayari. ADN ni kama ngazi ya kamba iliyosokotwa. Basi nitaijenga. Kubwa! Kamba nimeazima ya ng'ombe wa Papa Sebarenzi, jirani. Vidato vya ngazi ni miti ya maharagi ya mke wangu, Emérita. Ndiyo, maharagi yake yanapanda juu ya miti hiyo, lakini yanaweza kungoja hadi Jumamosi. Na molekuli? Zile ninazotaka ni bapa, zinapenya kati ya kidato na kidato. Nimezunguka kijiji kizima nikitafuta kitu bapa. Jibini! Za Papa Sebarenzi ni za mviringo, bapa, imara. Ameuliza kama zitarudi nzima. Nimeapa.

Jumatano, 14 Oktoba

Kero tupu. Emérita ametoka shambani anawaka. "Weye Papa Igiraneza! Maharagi yangu yote iko chini mu matope! Nani alikuambia miti ya maharagi njo masomo?" Nikamweleza habari za urithi wa viumbe. Hakutaka urithi wa viumbe. Kumbe kuna zaidi: ng'ombe wa Sebarenzi, kwa kuwa hana kamba, ameingia shambani na kula yale yaliyolala. Eti hilo nalo ni kosa langu! Akaniuliza tutakula nini musimu huu. Nikajibu: Bukavu. Nimelala njaa.

Alhamisi, 15 Oktoba

Jaribio. Nimetundika ngazi kwenye boriti ya kalasi, nikaisokota, nikachomeka jibini moja kati ya vidato. Vidato vikaachana, msokoto ukalegea, ngazi ikarefuka. Kama vile klorokini, ile dawa ya zamani ya malaria, inavyoufanya uzi wa ADN! Machozi yalinilengalenga.

Lakini ndani ya chembe mara nyingi uzi huo umeshikwa huku na huku, hauwezi kuzunguka utakavyo. Ukilegezwa mahali pamoja, unajikunja mahali pengine. Hicho ndicho nitakachoonyesha. Nikafunga mwisho wa chini kwenye benchi. Dorothée alikuwa anapita, akachungulia mlangoni. "Kaka Théophile, umefunga juu na chini. Ile musokoto ukiilegeza hapa, itakimbilia wapi?" Wivu! Nikaenda kumwomba Prefe nianze mimi, ili enspektrisi awe amechoka zamu ya Dorothée ikifika. Akakubali bila kuinua kichwa.

Ijumaa, 16 Oktoba

Sitaki kuandika. Naandika.

Enspektrisi, Mama Céline, alikaa mbele. Prefe akakosa kiti, akakaa kwenye benchi langu lenye kamba. Sikuwa na ujasiri wa kumwinua. Nikachomeka jibini ya kwanza. Msokoto ukalegea hapo, ngazi ikajipinda kidogo pale juu. Kalasi ikasema "aaah". Mama Céline akatabasamu. Ningeishia hapo! Lakini tabasamu lile! Nikachomeka ya pili. Nikachomeka zote.

Kamba ikalia. Ngazi nzima ikajikunja juu yake yenyewe, ikawa fupi, ikavuta benchi hewani, upande mmoja. Prefe akaangukia upande ule mwingine, viatu juu. Jibini zikaruka. Moja ikatoka dirishani. Moja ikatua mapajani mwa Mama Céline.

Dorothée akasimama polepole. Akasokota kampira kake, akaunganisha ncha, kakajikunja vizuri mkononi mwake. Akasema mwenzake ameonyesha ukweli mutupu. Molekuli ndogo ikiingia, uzi unalegea hapo. Kwa kuwa ncha zimeshikwa, uzi wote unapaswa kubadilika. Zikiingia nyingi mno, chembe inashindwa kuusoma uzi na kuunakili, njo namna dawa fulani za kansa zinavyofanya kazi. Kalasi nzima ikaelewa. Hata mimi nikaelewa, na hilo ndilo lililoniuma.

Anaenda Bukavu yeye. Ameniahidi kuniletea kila atakachojifunza. Matusi gani haya?

Jumapili, 18 Oktoba

Baada ya misa nimesimika miti ya maharagi, mmoja mmoja, Emérita akinisimamia. Machache yamepona. Ghafla akaangua kicheko hadi akaketi kwenye matope: wameshamsimulia viatu vya Prefe. Angalau huyu amenisamehe. Sebarenzi bado.

Nimewaza sana. Kosa halikuwa langu. Jibini zilikuwa changa, zinateleza. Yeyote angeshindwa.

Na kuna habari njema! Mama Céline atarudi trimestri ijayo, na somo ni moyo na jinsi unavyosukuma damu. Safari hii hakuna kamba wala jibini. Nahitaji maji tu, yenye nguvu. Nimelipitia bomba la kijiji jioni hii, nikalichunguza vizuri. Ile nati kubwa inayolishika inafunguka kwa mkono.

Nikiling'oa asubuhi na kulirudisha mchana, nani atajua?