Maafisa Wako Hawajui Kufungua Mlango

Kwa Meneja wa Benki,
Dawati la Mikopo ya Nyumba.

Ndugu Meneja,

Pokea salamu za mteja wako wa miaka tisa, fundi seremala, ambaye mtaani naitwa Profesa wa Milango. Shule niliiacha darasa la sita, tukiwa tumechokana pande zote mbili, lakini nimetembea nchi nne nikifunga milango ya hoteli ambazo hata wewe, kwa heshima zote, ungeuliza bei kwanza ndipo uketi.

Naandika kulalamika. Nataka kuwakabidhi nyumba yangu niliyoiweka rehani kwenu, na benki yako inashindwa kuipokea.

Hali yangu mnaijua. Figo zimegoma bila kutoa notisi. Karakana imeuzwa pamoja na mashine zake. Mimi niliyekuwa nabeba mlango mzima begani huku napiga mluzi, leo mke wangu ndiye anayenibebea mfuko wa dawa. Tukaamua kukabidhi kwa hiari kabla mwezi haujaisha, ili dalali asije kutupa vitanda vyetu nje wakati mimi nimelala hospitali nasafishwa damu, na kitakachobaki baada ya deni kiende kwenye matibabu. Tumeshahamia vyumba viwili vya uani kwa dada yangu mkubwa. Sina kinyongo. Nyumba ni matofali tu, na ile nimeshaisahau.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mara tatu nimeleta funguo dirishani kwenu. Mara tatu afisa wako, yule wa tai nyekundu, amekwenda akarudi akidai hazifungui mlango wa mbele.

2. Mlango ule si wa kuokota dukani. Niliuchonga mwenyewe kwa miezi minne, mke wangu akiwa na mimba ya kitinda mimba wetu. Unaunyanyua kidogo kwa kitasa, unauegemea kwa bega la kushoto taratibu, kama mtu anayesikiliza chumba cha pili, ndipo unazungusha ufunguo. Majirani wanasema afisa wako aliusukuma kwa hasira hadi akaumia bega. Mama mkwe wangu aliweza kuufungua, na yule mama hakuwahi kunipenda.

3. Afisa akaandika kwenye ripoti kwamba mlango umepinda. Ndugu Meneja, aliyepinda ni mimi. Mgongo umepinda, mipango imepinda, na sahihi yangu hapo chini imepinda kwa sababu ya mkono wanaouchoma sindano. Mlango haujapinda. Naomba ripoti isahihishwe kwa kalamu nyekundu, ifanane na tai.

4. Kwa kuwa benki haina mtu anayejua kufungua mlango, naona si salama kupokea nyumba mtakayoishia kuitazama kwa nje. Naomba maafisa watatu waje kwa mafunzo ya wiki mbili, siku ambazo siko hospitali. Cheti nitaandika mwenyewe.

5. Tena wiki mbili hazitoshi. Mvua zikianza mbao huvimba, na somo linabadilika. Mwalimu itabidi akae karibu, na karibu kuliko pote ni sebuleni. Mwalimu huyo ana mke na watoto watatu ambao hawamwachi peke yake kwa sababu husahau dawa. Hivyo, kwa faida ya benki, nashauri turudi wote kwa muda mfupi, tuseme miaka ishirini, hadi maafisa wahitimu. Ada sitadai.

Jana nilimweleza mke wangu hoja hizi wakati ananipimia maji ya kunywa kwa kikombe kidogo, maana siku hizi hata maji nayapata kwa kibali. Akanitazama, akasema, "Baba watoto, mlango utachonga mwingine. Wewe nani atakuchonga?"

Nikayanywa maji yote kwa mkupuo mmoja, kibali kikaisha.

Hata hivyo hoja zangu bado zimesimama, na nasubiri tarehe ya mafunzo. Nisalimie mlinzi wa getini anayenipa kiti chake, mama wa dirisha la pili, na afisa wa tai, bega lake lipone upesi.

Ni mimi mdaiwa wako mwaminifu,
Profesa wa Milango

Nyongeza: Mke wangu ameisoma barua hii na hakucheka. Ameomba kuona funguo nilizokuwa nawaletea. Ni za karakana, ile tuliyouza. Za nyumba amezikuta mfuko wa ndani wa koti ninalovaa kwenda hospitali, zimefungwa kwenye leso. Mara ya kwanza nilikosea kweli. Ya pili na ya tatu, sina hakika. Sasa zimo ndani ya bahasha hii, amezitia yeye na gundi ameweka yeye. Mwambie afisa asijisumbue na bega. Siku tuliyohama niliupiga mlango randa pale ulipokuwa unakwama, ili atakayekuja asipate taabu. Unafunguka kwa kidole kimoja.