Mpini wa Baba Ndani ya Kioo

Jumatatu, 3 Machi
Nimeingia makumbusho ya kiwanda cha zamani cha mafuta. Ghala moja, mizani zilizokufa, king'ora, kiatu cha mbao ambacho hakuna anayejua kilikuwa cha kazi gani. Na katikati, ndani ya kioo, kandili ya baba yake shemeji, yule mume wa dada yangu. Mzee huyo alilinda geti miaka sita. Kibao chake kina maneno ishirini na mawili. Baba yangu alivuta mpini wa kinu miaka thelathini na mmoja. Kwa hesabu hiyo anastahili maneno mia moja na kumi na tatu. Ana sifuri.

Jumanne, 4 Machi
Mpini uko kwa Mama, chini ya kitanda, umefungwa shuka. Mti umeliwa na kiganja cha Baba, na vidole vimeacha mifereji mitatu tu, maana kidole cha mwisho kilibaki kwenye mashine. Mama aliuingiza mkono wake pale kwanza, ndipo akanipa. Amesema Jumamosi atakuja kuuona makumbusho.

Jumatano, 5 Machi
Kandili ya shemeji ina kutu. Hapo ndipo nitakapompiga bao. Mimi natengeneza mageti, hakuna kitu kinachotoka kwangu kibaya. Mpini nimeupiga msasa, nimejaza mashimo puti, nimepaka vanishi mara tatu. Chuma nimekitia rangi nyekundu. Mpini unang'aa.

Alhamisi, 6 Machi
Mtunzaji wa makumbusho aliugeuza, akaugeuza tena, akauliza mkono uko wapi. Nikauliza mkono gani. Akasema pale palipoliwa na kiganja, ndipo alipokuwa akipangojea yeye. Nikamweleza nimepaziba, na puti sikumtoza. Akakaa kwenye kiti. Akasema sasa ni mguu wa kitanda. Shemeji, aliyekuwa anafuta kioo chake, akasema angalau ni mguu imara.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwangua puti. Chini yake hakuna kitu, msasa uliondoka na mti. Nimekaa karakana bila kuwasha mashine. Baba alikuwa akirudi kutoka kazini mkono bado umejikunja. Kazi yangu ilikuwa kuutia kwenye maji ya moto na kuufungua, kidole kimoja kimoja. Sijamwambia Mama.

Jumamosi, 8 Machi
Mama alivaa gauni la kutokea. Mpini nilikuwa nimeurudisha makumbusho, mezani karibu na mlango, unasubiri uamuzi wa mtunzaji. Akafumba macho, akaupapasa kama mtu anayetafuta swichi gizani. Akaugeuza upande wa pili, akapapasa tena. Akasema taratibu, mwanangu, umeuosha mno. Kisha akaenda kwenye kandili ya shemeji, akasoma maneno yote ishirini na mawili.

Jumapili, 9 Machi
Nimefikiri usiku kucha. Kosa halikuwa kusafisha. Tatizo ni kwamba pameondoka shimo, na shimo hutengenezwa. Watu wote husema mkono nimechukua wa Baba. Basi nimeushika mpini, nikauchora mkono wangu juu yake, nikachonga kwa patasi na tupa hadi jioni. Kiganja kinakaa sawasawa. Mifereji minne.

Nimehesabu tena. Minne.

Si neno. Mmoja nimeujaza puti. Vanishi ikikauka, kesho asubuhi nampelekea Mama.