Mate Yangu na Duara la Mzee Werema

Jumatatu, 14 Agosti 1995

Kerende nzima inachimba dhahabu isipokuwa mimi. Mzee Werema ana duara jipya, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, nafasi imebaki ya mtu mmoja. Dullah anaitaka. Fundi cherehani, jamani!

Leo mpwa wangu Agness, wa kidato cha tatu, kaja likizo. Kanionyesha jambo. Uji mwepesi uliopoa, tone la iodini ya vidonda: buluu iliyokolea, karibu nyeusi. Ukitema mate humo na kusubiri, rangi inafifia mpaka inapotea. Anasema mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga. Rangi ikiwahi kupotea, kinafanya kazi vizuri.

Nimepata wazo.

Jumanne

Nimempa Mzee Werema shikamoo yake, nikamwambia nina kipimo cha bahati. Mate ya mwenye bahati ya dhahabu hufuta rangi upesi. Kakuna kidevu. Kasema tupimwe kesho, mimi na Dullah, mbele ya wachimbaji.

Nikamuuliza Agness, kama mzaha tu, kimeng'enya huuawa na nini. Joto kali, kasema. Basi uji wa Dullah utakuwa wa moto. Mimi nitanyonya ndimu, mate yajae mdomoni.

Jumatano

Sitaki kuandika. Naandika.

Uji wa Dullah ulikuwa unafuka mvuke. Nikadondosha iodini. Haukugeuka buluu hata kidogo, na Dullah hajatema bado. Wachimbaji wakashangilia, eti rangi imemkimbia. Wangu ulibaki mweusi mpaka watu wakachoka kusubiri.

Mzee Werema kanishika bega. "Mwanangu, usisogelee duara langu. Utanifukuzia dhahabu."

Agness kacheka hadi kakaa chini. "Mjomba, uji wa moto haushiki rangi ya iodini. Na ndimu ni asidi, imekiharibu kimeng'enya chako. Si ungeniuliza?"

Ijumaa

Duarani wamekutana na mwamba. Sururu zinadunda tu. Dullah ana malengelenge mikono yote. Nimempa pole, kwa moyo mmoja kabisa.

Jioni nimekula kwa Rhobi, mama ntilie. Nyama ya ng'ombe mzee, laini ajabu. Kasema aliipaka papai bichi. Agness kaeleza kuwa papai nalo lina kimeng'enya, kinavunja protini. Akaanza kusema kitu kuhusu mawe kutokuwa na protini, lakini nilishatoka kutafuta kikapu.

Mzee Werema hataki kuniona. Ataniona kesho, na mapapai ishirini.