Majina ya Kupeleka Wete

Jumatatu, 2 Februari 2026
Dawa ya sukari imekwisha tena kituoni. Mara ya tatu tangu Disemba! Dada yangu Moza karudi mikono mitupu, na ya kununua mjini hatuiwezi. Basi ile kidogo iliyobaki anajichoma nusu dozi na kujifanya hajambo. Hajambo wapi! Kidole cha mguu kimeanza kuwa cheusi. Naogopa, nasema kweli.

Lakini Jumamosi kamati inakuja Wete kusikiliza maoni juu ya mswada wa afya: kila kituo cha kijiji kilazimike kuwa na dawa za maradhi ya kudumu, na asirudishwe mtu kwa kukosa pesa. Sheha, mkubwa wa kijiji, kasema atakayeleta majina mengi ya wanaouunga mkono ndiye atakayetusemea. Mie Nassor, basi. Nani mwengine?

Jumanne, 3 Februari
Khatib, huyo mwengine. Mwalimu mstaafu. Anapita nyumba kwa nyumba akiwasomea watu mswada kifungu kwa kifungu. Kila nyumba maswali, kila swali kikombe cha kahawa. Nyumba tano kwa siku! Moza kanishauri nifuatane naye, kanikumbusha mwenda pole hajikwai. Nimemwambia hajikwai, ila Jumamosi haimngoji.

Mpango wangu: kesho baada ya Alasiri kuna kisomo cha hitma msikitini. Kijiji kizima kitakuwepo. Daftari linapita, watu wanaandika, yamekwisha. Maelezo ya nini? Ukieleza tu unaulizwa.

Jumatano, 4 Februari
Majina 214! Daftari limepita safu kwa safu, likaenda kwa wanawake, likarudi limejaa. Mzee mmoja kaandika sita peke yake, machozi yakimtoka. Wallahi sikujua kama sheria inaweza kumgusa mtu hivyo. Imamu wetu, Shehe Ridha, kanishika bega, kasema nimefanya jambo la kheri ambalo wengi siku hizi wamelisahau. Mie nikainamisha kichwa, kama mtu asiyependa sifa.

Alhamisi, 5 Februari
Sheha kanichagua mie. Khatib ana 61. Sitini na moja! Kanipa mkono, kanitakia heri. Unafiki tu huo. Moza kaomba alitazame daftari. Nimemkatalia, haya mambo ya serikali. Chakula hakukigusa. Kasema mguu unamwaka moto.

Jumamosi, 7 Februari
Ardhi ipasuke inimeze!

Ukumbi umejaa. Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mpole, kaanza kusoma majina yangu kwa sauti. Haitham Duni. Watu wakatazamana. Yumna Silima. Mtu nyuma yangu kasema inna lillahi. La tatu, la nne, mpaka Sheha akasimama kumweleza mheshimiwa kwamba hao wote tumeshawazika.

Kumbe! Mwezi wenyewe Shaaban, wa kuwarehemu wafu, hitma ndiyo kwanza imekwisha, daftari linapita bila ya maneno: kila mtu kaandika marehemu wake waombewe dua. Majina 214 na hakuna hata mmoja anayepumua. Ukumbi ukaangua kicheko. Khatib hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Hapo Moza akainuka. Sikujua kama yupo. Khatib ndiye aliyemleta. Kalichukua daftari kwa yule mama, kaanza upya. Haitham: presha, vidonge vilikwisha kituoni, akaambiwa angoje. Yumna: alitokwa na damu akijifungua, na nauli ya gari ilipotimia ilikuwa haina kazi tena. Kila jina na maradhi yake, kila jina na kilichokosekana. Kicheko kikafa. Watu wazima wakalia, na mwenyekiti akawa anaandika bila ya kuinua kichwa. Kufika jina la kumi na tisa, Moza akaanguka.

Jumanne, 10 Februari
Hospitali. Wamemkata mguu chini ya goti. Daktari kasema ni hizo nusu dozi. Angelipata dawa kamili, mguu ungelikuwepo. Nimeingia chooni nikalia. Yeye halii. Kaniuliza mswada umefika wapi.

Barua ya kamati imekuja. Maelezo ya Bi Moza yamepokelewa kwa heshima. Sasa wanataka majina ya walio hai, mia tatu, kabla ya Ijumaa. Mie sikutajwa, hata kwa ahsante! Na daftari la nani? Khatib kasema tugawane nyumba mie na yeye, tuwaeleze watu polepole. Polepole tena! Mguu umeshakwenda, na yeye bado yuko na polepole yake.

Nimenunua daftari jipya. Nimelipitisha pale nje, kwenye mabenchi wanapongojea wagonjwa. Safari hii nimekuwa makini: nimemtazama kila mtu usoni, wote wako hai. Maneno sikusema hata moja, wagonjwa hawana nguvu za kusikiliza. Wameandika kwa kusukumana, majina arobaini na tatu kwa dakika kumi! Bibi mmoja aliyetangulia kuandika kaniuliza daktari ataanza kuwaita saa ngapi. Nimemwambia akae karibu na mlango.