Msumari Wangu Katika Ukumbi wa Kanisa

Jumatano, 23 Aprili 2025

Nimepigilia msumari. Ukumbi wa kanisa ulikuwa mtupu, nikaingia na nyundo ndani ya mfuko wa Biblia. Ukuta wa mbele, kando ya saa, mahali ambapo mtu hawezi kunywa chai ya baada ya ibada bila kuuona. Hapo ndipo picha yangu na mke wangu Perez itakapokaa mwaka mzima.

Jumamosi wanandoa wa kanisa letu hapa Jericho wataendesha baiskeli hadi Thika. Mume na mke watakaotangulia kuingia pamoja katika lango la kanisa la huko watapigwa picha, nayo itatundikwa ukumbini. Pamoja! Kanuni ndiyo hiyo. Mwaka jana walishinda jirani yetu Ndirangu na mkewe Teresiah. Tangu hapo, kila Jumapili Ndirangu hunitazama mara mbili: akiwa kitini na akiwa ukutani. Mara zote meno nje.

Nilipomwambia Perez kwamba mwaka huu ni wetu, hakucheka. Alisema tangu paa lilipovuja na kuharibu picha ya harusi, hatuna hata moja ya sisi wawili. Kisha akasema, Baba Aluoch, nakuomba, safari hii usilete ujanja, tuendeshe tu. Ujanja! Mimi, karani mstaafu wa baraza la jiji!

Alhamisi, 24 Aprili 2025

Nimefanya hesabu ya uzito. Nimeng'oa madigadi ya baiskeli yangu, kengele, taa na kerea ya mizigo. Nilipoikaribia baiskeli ya Perez na spana, alisimama mbele yake akiwa na mwiko wa ugali. Basi. Abaki na uzito wake. Yeye alikulia Katito akipeleka maziwa sokoni kwa baiskeli na anadhani hiyo ni elimu.

Nikaizungusha mtaani kuijaribu. Vijana wa kituo cha bodaboda hawana adabu hata chembe. Mmoja alipaza sauti, "Buda, hiyo ni baiskeli ama ni mifupa?" Mwenzake akasema mvua ikininasa nitafika Thika nimeloa kama omena wa ziwani. Nikawauliza kama hivyo ndivyo walivyofunzwa kuzungumza na wazee. Wakaniomba msamaha, wakanisukuma hadi kona, wakicheka njia nzima.

Ijumaa, 25 Aprili 2025

Mpango umekamilika. Safari ni saa kumi na mbili asubuhi. Mchana nilimvizia Ndirangu akinunua sukuma wiki, nikamnong'oneza kwamba kwa sababu ya hofu ya mvua, safari imesogezwa hadi saa tatu. Nikamsihi asimwambie mtu. Alinishika mkono kwa mikono miwili. Akasema, Owiti, wewe ni jirani wa kweli. Nilikaribia kumwonea huruma.

Jioni. Msaliti! Alimpigia Mchungaji Luseno kumpongeza kwa uamuzi huo. Mchungaji alisema hakuwa na habari, lakini wazo ni zuri sana, na sasa ametuma ujumbe kwa simu zote za kanisa: tunaondoka saa tatu. Chini yake ameandika, "Tunamshukuru Mzee Owiti kwa busara yake." Watu wamejibu amina. Perez amesoma, akanitazama, akaenda kulala.

Jumamosi, 26 Aprili 2025

Naandika nikiwa ndani ya blanketi mbili.

Alfajiri, anga safi. Saa moja, jua. Saa mbili, jua kali, ndege wanaimba. Saa tatu Mchungaji akaomba, akasema amina, na mvua ikashuka kama iliyokuwa ikingoja neno hilo. Wanandoa wote wakanigeukia. Kana kwamba mimi ndiye ninayeifungulia!

Kufika Kahawa nilikuwa nimepakwa matope mgongo mzima. Gurudumu la nyuma liliyarusha, la mbele likanimalizia usoni. Ndirangu, mwenye madigadi, alinipita suruali yake haina hata tone la tope, akanipa pole. Sijawahi kutukanwa namna ile.

Ruiru mvua ikazidi, barabara ikawa haiendeki. Sasa, Ruiru ndiko anakokaa Kinyanjui, aliyemwoa binti yetu Aluoch. Huyo kijana hajaleta ng'ombe hata mmoja nyumbani kwetu. Kwa desturi yetu, mpaka ng'ombe wafike, mimi na Perez hatukanyagi nyumbani kwake wala hatuonji chakula chake. Niliapa mbele ya ukoo mzima. Ndirangu hana kiapo chochote. Alipiga honi yake langoni, na kundi zima likaingia ndani. Nilimwona dirishani, taulo shingoni, akinywa chai ya mkwe wangu!

Nikasimama nje kwenye ua wa michongoma. Kinyanjui alitoka na mwavuli, akanisihi, Mzee, ingia, utapata nimonia. Nikamweleza kuhusu ng'ombe. Perez akasema desturi inakataza nyumba, haijataja zizi, akaenda kukaa na ng'ombe wa Kinyanjui. Aluoch akampelekea chai, naye akainywa! Nikamwambia bati la zizi limeungana na bati la nyumba, kwa hiyo ni nyumba. Akasema basi niendelee kuoga.

Hapo nikapata wazo. Washindani wote wako ndani! Nikapanda baiskeli, nikaondoka peke yangu.

Nilifika Thika wa kwanza. Wa kwanza kabisa! Mzee wa kanisa Mbaluka alikuwa langoni na mwavuli. Akaniuliza mama yuko wapi. Nikasema yuko nyuma kidogo. Akauliza kidogo ni wapi. Nikasema Ruiru. Akafunga lango.

Kumpigia Perez sikuweza, kwa sababu simu yangu ilikuwa kwenye mkoba wake. Nilimpa asubuhi ili nipunguze uzito. Nikaona dawa ni kumfuata. Pikapu ya kabeji ilikuwa inarudi Ruiru, nikapakiwa nyuma pamoja na baiskeli, chini ya turubai. Sikuona chochote njiani isipokuwa kabeji.

Kinyanjui alinipokea langoni kwa mshangao. Mama aliondoka zamani, alisema. Alipogundua kwamba sipo, aliacha chai nusu, akanifuata mbio. Wengine walipotoka alikuwa ameshatokomea. Yaani tulipishana! Alikuwa barabarani akinyonga pedeli, nami nimefunikwa na kabeji!

Nilianza kutetemeka. Kinyanjui akaniambia nikae zizini, kwa kuwa wale ng'ombe sita ni wangu, amewatenga kuwaleta nyumbani mwezi wa nane. Kwa hiyo zizi ni la kwangu na yeye ndiye mgeni. Nikauliza kwa hasira kwa nini hakusema asubuhi. Akajibu kwa upole, "Nilirudi nje kukwambia, Mzee. Ulikuwa umeshaenda."

Nilikunywa chai vikombe vitatu. Ng'ombe wangu, chai yangu.

Jumapili, 27 Aprili 2025

Nimesikia yote kanisani, kutoka kwa kila mtu isipokuwa Perez. Alifika Thika wa kwanza, mbele ya Ndirangu kwa umbali mkubwa. Kama ningebaki langoni! Mbaluka alimwambia nimerudi. Akamwomba aingie asubiri ndani, Perez akakataa. Alisimama mvuani akitazama barabara. Ndirangu na Teresiah walipofika, walishuka kwenye baiskeli wakasimama naye. Mpaka Mchungaji alipotoka kuwavuta wote watatu kwa nguvu, wakaingia langoni pamoja na kupigwa picha pamoja.

Picha imetundikwa. Kwenye msumari wangu! Mchungaji alisema ni ajabu jinsi Mungu alivyoutayarisha. Perez aliutazama msumari, kisha akanitazama. Niliinamia kitabu cha nyimbo.

Katika picha, Ndirangu na Teresiah wako kulia. Perez yuko kushoto, ameloa chapachapa, na kando yake pako wazi. Tulipokuwa tukirudi nyumbani alisema alimwambia mpiga picha asiwasogeze, hiyo ni nafasi yangu. Nilimbebea mkoba hadi mlangoni.

Baadaye nikarudi ukumbini peke yangu kuitazama vizuri. Nafasi yenyewe ni nyembamba mno! Hata bega langu lisingeenea. Ndirangu amejitanua makusudi.

Nimepigilia msumari wa pili, juu ya ule wa kwanza. Na mwaka ujao sitafanya kosa la kuisogeza safari. Nitamwambia Ndirangu kwamba imefutwa kabisa. Nitamnong'oneza, na nitamsihi sana asimwambie mtu.