Besiboli na Kofia ya Baba Mkwe

Wenzangu, leo nimevuliwa nguo mbele za watu, na nilikuwa nimevaa traksuti. Sura yangu nimeiacha uwanjani. Aliyeko Singida akiiona aniletee.

Naandika mapema kabla hamjasikia kwa wanafunzi, maana wao wataongeza chumvi. (Jambo lenyewe halihitaji chumvi. Limeiva hivyo hivyo.)

Tuliosoma wote chuoni mnakumbuka kwamba mimi hata mpira wa pete nilikuwa naukimbia. Basi shuleni kwetu alipita mgeni mmoja wa kujitolea, akatuachia gunia la glavu, magongo, helmeti na mipira migumu yenye mshono mwekundu. Akatufundisha besiboli wiki moja, akaaga, akaondoka. Mkuu wa shule akaingia stafu kutafuta kocha. Walimu wote wakatazama chini. Mimi nilichelewa kutazama chini. Ndiyo historia yangu yote ya ukocha.

Kwa msioujua mchezo wenyewe: mtu mkubwa ni mrushaji. Anasimama katikati, anamrushia mpira mwenzake mwenye gongo, na mpira unatakiwa upite kwenye kisanduku kisichoonekana. Juu ya magoti, chini ya kifua, usiende kushoto, usiende kulia. Ukipita nje ya hapo umejiharibia mwenyewe. Sasa wanangu mikono wanayo, jamani! Wamekua wakichunga ng'ombe na kufukuza ndege kwenye mtama. Mtoto anatupa mpira mpaka unalia hewani. Tatizo letu halikuwa nguvu, lilikuwa mahali. Mpira mmoja kwenye kisanduku, mmoja jikoni kwa mpishi.

Nikaamua kufundisha shabaha. Nikaning'iniza tairi kuukuu la gari kwenye goli, nikapitisha kamba za nailoni juu na chini kuonyesha kisanduku. Nikamwaga majivu ardhini, mstari ulionyooka hadi kwenye tairi, ili mrushaji akitua nione mguu wake umeelekea wapi. Tulianza karibu kabisa, tukawa tunarudi nyuma kidogo kidogo. Na kila siku nikiwaimbia wimbo mmoja: "Mpira hufuata macho! Macho yakienda kwa muuza maandazi, mpira nao utakwenda kununua maandazi!"

(Kumbukeni nilisema hivyo. Kwa mdomo wangu.)

Mrushaji wangu bora ni Zaituni, binti wa Kidato cha Tatu kutoka Mungaa. Mkono wa kulia umenyooka, hana haraka, hana maneno. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu: adabu.

Nyuma ya lile goli kuna njia. Zamani walipita mbuzi. Tangu mfanyabiashara mmoja afungue mashine ya kukamua alizeti kule nyuma ya shule, imekuwa barabara kuu. Wazee kwa wazee, viroba begani, ndoo za mashudu kichwani, kutwa nzima. Na kwetu huku mzee hapiti hivi hivi kama upepo. Zaituni ananyanyua mguu, mkono uko nyuma, kila kitu kizuri, anamwona bibi wa watu. "Shikamoo bibi!" Goti hilo limeshakunjika. Mpira unachimba ardhi.

Nikatunga sheria. Mguu ukishainuka, hakuna salamu. Rusha kwanza, mpira utue, ndipo usalimie hadi uchoke. "Hata akipita mkuu wa mkoa, hujamwona!" Anayevunja sheria anakimbia mzunguko mmoja wa uwanja. Zaituni akakimbia mizunguko mpaka akapungua. Lakini mipira ikaanza kuingia kwenye tairi, tena pembe anayoitaka mwenyewe, juu kulia, chini kushoto. Nilikuwa najisikia kocha kweli.

Kumbe huku nyuma wazee wanaisema sheria yangu. Siku moja mwenyekiti wa bodi ya shule mwenyewe alipita pale. Zaituni mguu juu. Mzee akasimama kungoja shikamoo yake. Zaituni akarusha, akageuka kusalimia, mzee ameshaondoka kwa hasira, yuko ofisini kwa mkuu wa shule. "Mchezo huu unawafuta watoto adabu!" Ikaamuliwa bodi nzima ije kuangalia mazoezi. Isiporidhika, vifaa vinarudi kwenye gunia, gunia linarudi stoo.

Na mwezi ujao tuna mashindano Dodoma. Ya kwanza tangu tuanze. Zaituni hajawahi kuvuka mpaka wa mkoa huu, na sare ameshaifua mara sijui ngapi, haijachafuka hata siku moja. Asubuhi ya leo alinifuata mlangoni mwa stafu.

"Madam, tutakwenda?"

"Tutakwenda, Zaituni."

"Kweli, Madam?"

"Nimekwambia tutakwenda!" Nilimjibu kwa sauti kubwa kwa sababu mwenyewe sikuwa na uhakika.

Saa nne bodi wakafika. Wakakaa kwenye madawati pembeni ya uwanja, soda mkononi. Mimi nimevaa ile traksuti yangu ya mtumba ya bluu yenye mistari. (Ukweni wanajua nafundisha Jiografia na nashinda kwenye sketi ndefu. Mume wangu alisema tusiwachanganye wazee.)

Zaituni akaanza. Wa kwanza, ndani ya tairi. Akageuka, akapiga goti: "Shikamooni wazee." Wakaitikia. Wa pili, ndani. Wa tatu, ndani, na hata kamba haikutikisika. Bodi wakapiga makofi. Mwenyekiti akaanza kutabasamu upande mmoja wa mdomo.

Ningenyamaza hapo, leo ningekuwa mtu. Lakini nina mdomo.

"Wazee wangu," nikasema, "haya ni mazoezi tu. Mtu akishafundishwa vizuri hakuna kitu cha kumyumbisha. Ngojeni niwaonyeshe mimi mwenyewe."

(Hakuna aliyeniomba. Narudia. Hakuna.)

"Tena mnisumbue!" nikaongeza. "Pigeni kelele, semeni lolote, sitatikisika!"

Nikachukua mpira. Nikainua mguu. Mjumbe mmoja akapaza sauti: "Mwalimu, mshahara umeingia!" Sikupepesa macho. Ndani ya tairi! Makofi.

Nikachukua wa pili. "Mwalimu, nyoka!" Ndani ya tairi! Wanafunzi wakaanza kuimba jina langu. Nikafuta mikono kwenye traksuti kwa madaha, nikageuza kofia, nikawapungia bodi. Nimewatazama kwa jicho la mtu ambaye keshafika Dodoma.

Nikachukua wa tatu.

Mguu juu. Mkono nyuma. Macho kwenye tairi. Na hapo hapo, nyuma ya tairi, njiani, naona pama jeusi, kofia ya ukingo mpana, linakuja. Chini ya pama kuna kiroba cha alizeti begani. Chini ya kiroba kuna mtu ninayemjua mwendo wake.

Baba mkwe.

Baba mkwe anaishi Kiomboi! Hakupiga simu! (Hapigi simu. Anasema ukipiga simu unawapa watu nafasi ya kufagia.) Na mimi mkwe wake niko katikati ya uwanja, nimevaa suruali, mguu mmoja uko hewani.

Jamani, malezi si kitu cha mchezo. Akili ilisema rusha. Goti halikuisubiri akili.

"Shikamoo baba!"

Nikawa chini. Mkono ulikuwa umeshaondoka. Na macho yangu yalikuwa wapi? Kwa baba mkwe. Mpira ukaenda kule kule nilikoufundisha kwenda.

Pah!

Niseme mapema: hakuumia. Ni pama tu. Liliruka, likazunguka, likatua juu ya miiba ya ua wa shule, likakaa pale vizuri. Baba mkwe akabaki kichwa wazi, kiroba begani, hajasogea hata kidogo. Sijawahi kukiona kichwa cha baba mkwe tangu niolewe. Kina upara. Sikutakiwa kujua.

Mimi nimepiga magoti kwenye majivu yangu mwenyewe. Nikasubiri ardhi ipasuke. Haikupasuka.

"Marahaba, mama," baba mkwe akaitikia. "Hamjambo?"

"Ha... hatujambo, baba. Mama hajambo huko nyumbani?"

"Hajambo. Wajukuu zangu?"

"Hawajambo, baba."

"Na Baba Neema?"

"Hajambo, yuko kazini."

"Mvua huku mmepata?"

"Kidogo, baba."

Jamani, alimaliza salamu zote! Hakuacha hata moja! Bodi nzima inasikiliza hali ya mvua. Alipomaliza, akashusha kiroba chini taratibu, akajipapasa kichwa.

"Haya, Mama Neema. Kilichonivua kofia ni nini?"

Zaituni akakimbia kuiokota kofia miibani, akaikung'uta, akampa kwa mikono miwili, akamwongoza mpaka kwenye dawati la bodi. Nikadhani aibu imeishia hapo. Nikaanza kusimama. Nikasikia timu yangu inanong'ona nyuma.

"Mzunguko... Madam, mzunguko..."

Nikawageukia kwa jicho kali. Wote wakatazama chini. Zaituni peke yake ndiye aliyenijibu, tena kwa upole sana.

"Madam, mguu ulikuwa juu."

Ningefanyaje? Mbele ya bodi iliyokuja kupima nidhamu? Nikaanza kukimbia. Traksuti inapwaya, majivu magotini, kofia imegeuka nyuma, napita mbele ya baba mkwe na sijui kama ukipita mbele ya mkwe unakimbia unatakiwa kuinama. (Nikainama. Nimekimbia nimeinama. Mtu mzima mimi.)

Nikawasikia wakizungumza.

"Anakwenda wapi?" baba mkwe akauliza.

"Anatumikia adhabu, mzee," akasema mwenyekiti.

"Ya kunipiga?"

"Hapana, mzee. Ya kukusalimia."

Halafu baba mkwe akasema neno moja la Kinyiramba ambalo sitaliandika hapa kwa sababu kuna wanaolielewa.

Huo mzunguko ulikuwa mrefu kuliko barabara ya Kiomboi. Nilijua kwisha. Mwenyekiti amekuja kutafuta ushahidi kwamba besiboli inaua adabu, na mimi nimempa mkwe aliyepigwa, salamu iliyoadhibiwa, na vyote kwa mpira mmoja. Nilimtazama Zaituni upande wa pili. Alikuwa ameshaanza kukusanya glavu na kuziweka kwenye gunia, moja moja. Hapo ndipo roho iliponiuma kweli. Aibu yangu mimi ningeibeba. Ya kumvunjia mtoto safari sikuwa na pa kuiweka.

Nikafika mbele ya bodi nahema. Mwenyekiti akasimama. Akakohoa. Mdomo wake unacheza cheza.

"Mwalimu, mimi nilikuja hapa nikiamini kwamba mchezo huu unawaondolea watu adabu."

"Ndiyo, mzee."

"Nimejionea. Hauwezi. Umejaribu kwa kocha mwenyewe, umeshindwa."

Bodi wakaangua kicheko. Mjumbe mmoja alimwaga soda. Hata mkuu wa shule, ambaye hacheki hata siku ya mahafali, alikuwa amejifunika uso na faili. Mwenyekiti akainua mkono watulie.

"Watoto waende Dodoma. Lakini nina swali." Akanyoosha kidole upande wa pili wa uwanja. "Lile goli la kule lina kazi gani?"

Nikageuka. Wote tukageuka. Lile goli la kule. Nyuma yake hakuna njia. Hakuna mashine. Kuna yale mawe yetu makubwa tu, na mawe hayaamkiwi.

"Tairi lingening'inia kule," akasema, "ungemkimbiza huyu binti mizunguko yote hiyo?"

Jamani. Miezi yote hii. Uwanja una magoli mawili. Nami nafundisha Jiografia.

Zaituni alikuwa anatoa glavu kwenye gunia haraka haraka, kabla wazee hawajabadili mawazo, na meno yote yako nje. Baadaye, bodi walipokwenda kula, baba mkwe akataka kuendelea na safari yake ya mashine. Ilibidi apite tena nyuma ya lile goli. Akasita. Akanitazama. Akautazama mkono wangu. Zaituni, mtoto mwenye huruma, akamletea helmeti ya mpigaji. Baba mkwe akaivaa, akaigonga mara mbili kwa kidole, akaridhika, akabeba kiroba chake.

Hajairudisha. Nimefika nyumbani jioni nimekuta yuko sebuleni, pama liko mezani, helmeti iko kichwani. Baba Neema amemuuliza kulikoni, akajibiwa, "Nimepita kumwona mkeo kazini." Sasa mume wangu yuko uani anajifanya anachota maji. Ndoo imejaa zamani. Namsikia.

Msinicheke, nawaomba. Nimetoka kumpelekea mzee chai sasa hivi. Nilipoanza tu kukunja goti, akaishika helmeti kwa mikono miwili.