Kioo cha Wendell Lindgren

Jumatatu, 3 Juni

Nimeamua. Mwaka huu kiongozi wa msafara wa klabu yetu ya pikipiki ni mimi, Orville Tietz, umri miaka sitini na mmoja, mstaafu wa ghala la nafaka la Karlsrud, Nebraska. Siyo Gaylord Pruitt. Gaylord ametuongoza miaka kumi na moja mfululizo. Inatosha.

Kura ni Jumamosi, baada ya ukaguzi wa pikipiki. Safari yenyewe ni tarehe 15: wanachama kumi na wanne, kutoka hapa hadi Bahari ya Pasifiki, maili elfu moja na mia tano. Nadine, mke wangu, hajawahi kuona bahari. Nimekuwa nikimwahidi tangu tuoane. Kila mwaka tunageuza njiani kwa sababu ya mgongo wake.

Kosa si la mgongo. Pikipiki yangu ni ya kutazamwa. Siti ya chini, usukani mpana, chuma kinachong'aa. Inafaa kwenda kununua aiskrimu. Haina kioo cha kukinga upepo, haina mikoba, na siti ya nyuma ni kama kipande cha mkate. Ya Gaylord ina kila kitu. Hata vishikio vyake vinapashwa moto.

Nina mpango. Bi. Ardith Lindgren ana vifaa vyote vya safari vya mumewe, Wendell, bandani kwake. Miaka tisa vimekaa. Wendell aliondoka Jumanne moja asubuhi, na mchana pikipiki yake ikakutwa penye njia panda ya Barr, maili sitini kutoka hapa. Imesimama kwa stendi. Injini inanguruma. Glovu zimelazwa juu ya tangi, moja juu ya nyingine. Yeye hayupo. Walileta mbwa, walileta helikopta. Hawakupata hata kifungo.

Gaylord ameomba vifaa hivyo mara tatu, akanyimwa mara tatu. Inasemekana Bi. Ardith anamsubiri rafiki wa kweli wa Wendell. Mimi nilikutana na Wendell mara mbili. Mara ya pili aliniomba nimpishe.

Nitakuwa rafiki wa kweli.

Jumatano, 5 Juni

Ushindi!

Nilikwenda na pai aliyooka Nadine kwa ajili ya kanisa. (Kanisa lina pai nyingi.) Bi. Ardith alinikaribisha jikoni, akamimina kahawa. Nikamwambia mimi na Wendell tulikuwa na mpango wa kwenda wote baharini. Nilisema bahari kwa sababu ndiko tunakokwenda sisi. Uongo ulio karibu na ukweli hauchoshi kuukumbuka. Nikajitahidi kulia. Jicho la kushoto lilikubali.

Kikombe chake kilisimama hewani.

“Alikuambia anakwenda baharini?” aliuliza.

Nikasema ndiyo, mara nyingi.

Nilihesabu vigae vyote vya ukuta. Kisha akainuka, akachukua ufunguo, akanipa kila kitu: kioo cha upepo, mikoba miwili ya ngozi, siti pana yenye egemeo la mgongo, shokapu za nyuma. Hakutaka hela. Nilipokuwa nafunga kamba kwenye gari aliniomba niendeshe taratibu: “Yeye hapendi kona kali.” Nilidhani alitaka kusema “mimi.” Nikamjibu hata mimi sizipendi.

Jambo dogo. Siti ilikuwa ya moto nilipoibeba, na banda lile lina baridi kama pango.

Ijumaa, 7 Juni

Siku mbili za spana. Mashimo ya kioo hayakuoana na uma wa mbele wa pikipiki yangu, nikatoboa mapya. Nimeisogeza mikoba mbali na bomba la moshi ngozi isiungue. Nimekaza springi za shokapu kwa uzito wa watu wawili. Pikipiki ikabonyea zaidi. Nikakaza tena. Ikabonyea tena. Nikaamua ni za kizamani.

Siti imechongeka kwa umbo la Wendell. Alikuwa mtu mrefu, wa kuinama akipita mlangoni. Mimi nikikaa ni kama njegere kwenye bakuli. Lile bonde halibadiliki hata nikikaa saa nzima.

Kero kubwa ni usukani. Jana niliuvuta nyuma ufikie mikono yangu mifupi na kukaza bolti nne mpaka mshipa wa shingo ukatoka. Leo asubuhi uko mbele tena, kwa mtu wa mikono mirefu. Bolti zimekazwa vizuri kuliko nilivyokaza mimi.

Gaylord! Nani mwingine? Ameingia gereji kunihujumu kabla ya kura. Nimenunua kufuli. Nimemwaga unga sakafu nzima ili alama za viatu vyake zimuumbue. Nadine ameuliza unga wake uko wapi. Nimemwambia sijui.

Jumamosi, 8 Juni

Kufuli zima. Unga haujaguswa, laini kama theluji ya alfajiri. Usukani uko mbele.

Gaylord ana mbinu.

Sikuwa na muda wa kuurudisha, nikaenda kwenye ukaguzi nimenyoosha mikono kama mtu anayesukuma kabati. Wanachama walizunguka pikipiki yangu bila utani wao wa kawaida. Yule fundi wetu, Leland Voss, ambaye humcheka kila mtu, alivua kofia. Gaylord alitambua vifaa hivyo mara moja. Hakugombana. Aliweka kiganja kwenye siti, akakiondoa haraka, akaniuliza kwa sauti ya chini nimevipataje. Nikasema kwa urafiki wa siku nyingi. Akajibu kwamba yeye alisafiri na Wendell kwa pikipiki miaka ishirini na hakuwahi kusikia jina langu. Nikamwambia Wendell alikuwa msiri.

Kura ya mikono. Gaylord saba, mimi wanane.

Leland akasema tupo kumi na wanne. Akahesabu watu: kumi na wanne. Akahesabu mikono: kumi na mitano. Akarudia akimgusa kila mmoja begani. Kumi na mitano. Hakuna aliyetaka kuhesabu mara ya tatu. Gaylord alikuwa amepauka, akasema tuache, Orville ameshinda.

Hesabu ni hesabu. Nimeshinda.

Jumanne, 11 Juni

Safari ya majaribio na Nadine. Maili tisini, na mgongo haukumuuma hata kidogo! Alishuka anacheka kama msichana. Nilijipongeza kwa shokapu.

Kisha akanishukuru kwa kuimba. Alisema hakujua nina sauti nzito ya kupendeza namna ile, njia nzima, bila kuchoka. Mimi siimbi. Nilikuwa nimefunga mdomo kwa sababu ya wadudu. Akanishukuru pia kwa kumgusa goti kila kabla ya shimo ili ajishike. Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye usukani, na niliihitaji yote.

Nikamwambia karibu, mke wangu.

Ni lazima niandike na hili, ingawa sipendi. Kurudi, jua likiwa nyuma yetu, kioo kilianza kupata mvuke. Doa dogo, likija na kuondoka, kama pumzi ya mtu. Lilikuwa upande wangu wa kioo. Lakini halikuwa mbele ya mdomo wangu. Lilikuwa juu zaidi, kimo cha mtu mrefu.

Nilifuta. Likarudi. Nimenunua dawa ya kusafishia vioo.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika nikiwa kwenye ngazi za kituo cha polisi cha wilaya. Mwandiko mniwie radhi, naandikia gotini.

Tuliondoka saa mbili asubuhi. Mimi mbele! Bi. Ardith alikuja kutuaga, amevaa koti zuri la kanisani. Alisimama mbele ya pikipiki yangu, lakini hakunitazama mimi. Alitazama juu ya kichwa changu, palepale mvuke unapokaa.

“Siku ile nilikuwa na hasira,” alisema. “Leo nakuruhusu. Nenda.”

Nikamshukuru. Nadine alinifinya ubavuni ninyamaze.

Maili sitini zikapita kwa raha. Tulipokaribia njia panda ya Barr injini ikashusha sauti yenyewe. Nikazungusha kishikio cha mafuta, haikusikia. Nikabonyeza breki, ikalainika kama siagi. Usukani ukageuka polepole, kwa adabu, kama mtu anayekuondolea kitu mkononi. Tukaacha lami. Tukashika kinjia cha ng'ombe katikati ya vilima vya mchanga, na pikipiki kumi na tatu zikafuata nyuma, kwa sababu kiongozi hufuatwa. Nilifanya ishara ya mkono kwamba ni njia ya mkato.

Robo maili hivi. Kisha injini ikazimika. Upepo nao ukakoma. Sijawahi kusikia nchi hii bila upepo. Kioo chote kilifunikwa na mvuke, kutoka ukingo hadi ukingo, na hapakuwa na baridi.

Nadine alishuka. Aliniuliza kwa nini nimeacha kuimba.

Gaylord akaja mbio amekasirika, akianza kuniambia mimi ni mpumbavu kiasi gani. Hakumaliza. Mguu wake ulikuwa umegonga mbao. Akapiga magoti, akafukua mchanga kwa mikono, tukaona mbao zilizooza, zimevunjika katikati. Kisima cha zamani cha mifugo, kisicho kwenye ramani yoyote. Alilala kifudifudi akamulika kwa tochi.

“Ni Wendell,” alisema. “Viatu vyake. Nilikuwa naye alipovinunua.”

Polisi wametwambia waliyoyakuta chini. Wendell, kamba, na mifupa ya ndama. Inaonekana ndama alitumbukia, huenda mama yake alikuwa anazunguka pale juu na Wendell akamwona kutoka barabarani. Akaacha injini ikinguruma, kwa kuwa alijua hatakawia. Mbao za kisima zikavunjika chini yake. Jioni ile, wanasema, kulikuwa na dhoruba ya mchanga, ikafunika kila alama.

Gaylord alimtafuta wiki tatu peke yake baada ya polisi kuacha. Sikujua. Amekaa kwenye gari la wagonjwa, analia. Analia kwa muda mrefu, kwa kweli, ukizingatia kwamba aliyempata ni mimi.

Alhamisi, 20 Juni

Mazishi. Mji wote ulikuwepo. Gazeti limeandika kwamba rafiki mwaminifu hakukata tamaa miaka tisa. Sikulisahihisha; wana shughuli nyingi.

Niliombwa nizungumze. Nilizungumza dakika ishirini na tano. Nilieleza jinsi mimi na Wendell tulivyokuwa tukivua samaki. Mjane alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Gaylord aliinuka katikati akatoka nje. Wivu, hata siku kama hii.

Baadaye, kwenye meza ya chakula, Bi. Ardith alinivuta pembeni, karibu na saladi ya viazi. Aliniambia anajua Wendell hakuwahi kuvua samaki. Alikuwa anaogopa minyoo ya chambo.

“Lakini bahari, Orville,” alisema. “Aliniambia mimi peke yangu, asubuhi ileile, mlangoni. Alitaka twende wote, nikakataa, nikamfungia mlango. Sikumwambia polisi. Sikumwambia Gaylord, na nilimuuliza mara tatu kama anajua Wendell alikuwa anaelekea wapi. Wewe ulijuaje?”

Hapo palikuwa mahali pa kusema ukweli. Nilipaona kabisa. Alikuwa ananitazama na macho yake mekundu, kijiko cha saladi mkononi. Nilifungua mdomo.

“Aliniambia,” nikasema.

Na jambo la ajabu ni kwamba nilipokuwa nalisema sikuwa na hakika kama nadanganya. Nimejaribu kukumbuka wazo la bahari lilinijiaje jikoni kwake siku ile. Sikumbuki kuliwaza. Nakumbuka nimelisema tu.

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Nikala saladi.

Ijumaa, 21 Juni

Nadine ameondoka. Amekwenda baharini na Bi. Ardith, kwa basi, wamechukua picha ya Wendell na sandwichi kumi. Ameniambia atarudi akimaliza kuitazama. Nilimwambia asubiri, msafara umeahirishwa tu. Akasema amesubiri miaka thelathini na nane, na kwamba juzi nilipompeleka dukani mgongo ulimuuma kabla hatujafika kwenye taa za barabarani.

Ni kweli. Siti imekuwa ya baridi. Kioo safi kama kioo. Nimeurudisha usukani nyuma na umekaa hukohuko siku ya tatu sasa. Shokapu hazibonyei tena, zinarusha. Hakuna anayeimba. Nilikuwa na pikipiki ya safari kabisa, na sasa nina rundo la ngozi na bolti.

Na Gaylord ameniambia kura itarudiwa.

Jumamosi, 22 Juni

Simu imeita asubuhi. Mwanamke anaitwa Verna Hruska, wa mji wa tatu kutoka hapa. Amesoma gazeti. Anasema kaka yake aliacha kigari cha pembeni cha pikipiki, chenye paa, kiti cha manyoya na mahali pa kuwekea kahawa. Kaka alipotea ziwani miaka sita iliyopita. Kigari kiko gereji, na kila asubuhi wanakuta kimejaa maji, nao wameshachoka kukausha. Anataka kumpa mtu aliyemjua kaka yake, bure.

Kiti cha manyoya! Mgongo wa Nadine! Na uso wa Gaylord siku ya kura!

Nikamwambia, kwa sauti iliyokatika kidogo, kwamba mimi na kaka yake tulikuwa kama mapacha. Alianza kulia. Nami nikalia, safari hii macho yote mawili.

Kisha nikamwomba anikumbushe jina la kaka yake.